Miwani, Mrija na Mwezi: Wasomaji wa Kigoma Wauliza

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka Kigoma, na nyingi zinazunguka jambo moja: watu waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika wanataka kwenda kuona matumbawe ya Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, kwa kuelea na miwani na mrija, mchezo ambao watembeza wageni huuita snokeli. Tumezijibu kwa mfuatano ambao msafiri mwenyewe angeufuata, kuanzia kalenda.

Tufike tarehe ngapi?

*Sisi ni vijana sita wa Mwanga, tumechanga nauli ya Mafia kwa Desemba. Tutakaa siku nne. Jamaa yetu alikwenda mwaka juzi, akafika ufukweni saa nne asubuhi akakuta bahari imekimbia na mashua zimelala ubavu. Mchana maji yalirudi kwa kasi, akashindwa hata kukaa mahali pamoja. Tatizo lilikuwa la mwenye boti au la tarehe?*

La tarehe. Ziwa letu halijai na kupwa kila siku, kwa hiyo mtu wa Kigoma huangalia upepo tu. Baharini, kabla ya upepo huangaliwa mwezi. Na hapo ninyi si wageni kabisa: kila mtu wa Kibirizi anajua kuwa mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu taa zao hazivuti kitu. Hesabu hiyohiyo ya mwezi ipelekeni Mafia.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaokaribia saa 25, ndiyo maana saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yakijaa yanajaa sana, yakipwa yanakauka sana, na tofauti yake kwenye pwani yetu hupita mita 3. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Jamaa yenu alifika katikati ya hesabu hiyo. Hata boti nzuri kuliko zote isingemsaidia.

Wiki moja baadaye yanakuja maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo, mkondo unapoa, na maji hujaa asubuhi ileile ambayo mtu angependa kuingia. Chukueni kalenda ya Kiislamu, ambayo Ujiji haikosekani ukutani, na ziwekeni siku zenu nne juu ya tarehe 7 hadi 10 ya mwezi wa Kiislamu, au 22 hadi 25. Siku hizo maji yatajaa kati ya saa tatu na nusu asubuhi na saa sita na nusu mchana, kila siku yakichelewa kidogo. Hakikisheni kwa jedwali la maji kabla ya kukata tiketi.

Jambo la pili ni mwelekeo wa maji. Ghuba ya Chole imezibwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, na sehemu kubwa ya maji yake huingia na kutoka kwa mlango wa Kinasi. Maji yanayojaa yanatoka bahari kuu, yako safi. Yanayopwa yameshalala kwenye tope na mikoko, yanatoka na vumbi lake. Kwa hiyo ingieni saa moja na nusu kabla maji hayajafika mwisho wa kujaa, na mtoke yanaposimama, kabla hayajageuka. Mtu akiingia kwa kuchelewa saa mbili tu, hapohapo kwenye jiwe lilelile, ataona nusu ya alichopaswa kuona.

Desemba ni mwezi mzuri, kaskazi huwa imeanza. Juni hadi Septemba kusi huchafua bahari upande wa wazi, na wakati wa masika mvua hutia maji ukungu. Na kwa kuwa mtakuwepo Desemba, tengeni asubuhi moja kwa ajili ya papa potwe upande wa Kilindoni, ambako huonekana kati ya Oktoba na Machi. Kaeni mita 3 au zaidi kutoka mwilini mwake, na mkia wake uogopeni kuliko mdomo. Potwe hula vijidudu vidogo na samaki wadogo, mkia ndio unaovunja mbavu.

Njia na malipo

*Mimi na mke wangu tunaishi Gungu. Tukifika Dar es Salaam tunafuata njia ipi, na hifadhini wanataka nini?*

Mbagala Rangi Tatu kuna magari ya Nyamisati. Nyamisati mtapanda kivuko au boti hadi Kilindoni, kisha gari kwenda Utende, kilomita 15 hivi, ambako ndiko geti la hifadhi liliko. Ndege kutoka Dar es Salaam huchukua kama nusu saa, ila mizigo hupimwa kwa ukali na mapezi marefu ya miguuni hayaingii kwenye begi dogo.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya bahari nchini, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Kiingilio hutozwa kwa siku, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo vitambulisho vya NIDA msiviache Gungu. Risiti itunzeni, mtaulizwa hata mkiwa juu ya boti. Mkipatana bei na nahodha, ulizeni mambo matatu kabla ya kutoa hela: bei hiyo ni ya saa ngapi majini, miwani na mrija vimo ndani yake, na je, kuna jaketi la kuokolea kwa kila kichwa. Wekeni siku moja ya ziada kati ya kufika Dar es Salaam na kuvuka. Treni ya kutoka Kigoma husafiri zaidi ya kilomita 1,200 na kivuko hakimsubiri mtu.

Mrija wa mita moja

*Mimi ni fundi bomba. Nimekata bomba la plastiki la mita 1, kipenyo cha ndani sentimita 2, ili nishuke chini zaidi nikiwa bado napumua. Nikilijaribu ziwani kifua kinabana, na baada ya dakika chache kichwa kinauma. Nikosoeni.*

Fundi, tafadhali bomba hilo usiliingize tena majini. Hesabu yake iko hivi. Mtu mzima aliyetulia huvuta kama mililita 500 kwa pumzi moja. Kati ya hizo, kama 150 huishia kooni na kwenye njia za hewa, hazifiki pale hewa inapobadilishwa. Bomba lako lenyewe linabeba mililita 314. Jumlisha: 464 ni hewa uliyokwisha kuitoa, unaivuta tena. Inabaki hewa mpya ya mililita 36, haifiki vijiko vitatu vya chakula. Maumivu ya kichwa ni hewa chafu inayojikusanya mwilini, na hatua inayofuata ni kizunguzungu, kisha kuzirai uso ukiwa ndani ya maji.

Kubana kwa kifua ni jambo jingine. Kwenye kina cha mita 1, kila sentimita ya mraba ya kifua inasukumwa na maji kwa uzito wa gramu 100. Kifua chenye eneo la sentimita 1,000 za mraba kinabeba kilo 100, wakati hewa ya ndani ya mapafu bado ina msukumo wa juu ya maji kwa sababu bomba limeiunganisha huko. Misuli ya mbavu haikuumbwa kuinua gunia la mahindi kila pumzi, na mapafu yanaweza kujeruhiwa.

Mrija halali una urefu wa sentimita 35 hadi 40. Kwa kipenyo kilekile unabeba mililita 110 hadi 126 tu, na mwili unamudu. Mtu wa snokeli hukaa juu, uso chini. Akitaka kushuka hubana pumzi, hushuka, hutazama, hurudi, kisha hupuliza kwa nguvu neno “tuu!” ili maji yaruke nje ya mrija kabla hajavuta.

Na kwa vijana wanaoshindana kuzama: msihemeheme haraka haraka kabla ya kushuka. Kuhemahema hakuongezi hewa safi ya maana, kunapunguza tu ile hewa chafu ambayo ndiyo humwambia mtu “panda sasa”. Kengele ikinyamazishwa, mtu huzirai akiwa karibu kufika juu, bila kusikia shida yoyote. Pumzi mbili tulivu zatosha, na mwenzako abaki juu akikutazama mpaka umepumua mara tatu.

Miwani inavuja, tena inafanya ukungu

*Nimenunua miwani mpya sokoni. Maji yanaingia kila nikicheka, na kioo kinakuwa cheupe baada ya dakika tano.*

Kwanza hakikisha ni miwani inayofunika pua. Ile ya kuogelea ya macho tu haifai kushukia, kwa kuwa huwezi kuipulizia hewa kwa pua. Ukifika mita 2 inaanza kunyonya macho, na mishipa midogo hupasuka. Ijaribu hivi: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, achia mkono. Ikishika bila kuanguka kwa sekunde kumi, ni ya uso wako. Ikianguka, hakuna mkanda utakaoisaidia. Watu hukaza mkanda wakidhani wanazuia maji, kumbe wanakunja ukingo wa silikoni na kufungua njia. Mkanda ukae juu ya kisogo, si shingoni, ukiwa umelegea kiasi cha kupitisha vidole viwili. Nywele au ushungi usipite chini ya ukingo hata uzi mmoja. Mwenye masharubu apake mafuta mazito kidogo juu ya mdomo. Na kweli, ukicheka maji yataingia, kwa sababu mashavu hupanda. Hilo halina dawa.

Ukungu wa miwani mpya unatokana na utando wa kiwandani. Sugua kioo kwa ndani na dawa ya meno nyeupe ya kawaida kwa kidole, dakika mbili, suuza, rudia mara tatu au nne. Baada ya hapo, kila unapoingia tema mate kwenye kioo kikavu, paka, suuza mara moja tu, vaa. Ukisuuza mara mbili umeosha dawa yako.

Kichocho

*Mimi ni mama wa watoto wawili, Katubuka. Nataka wajifunze ziwani kabla ya safari, lakini naogopa kichocho. Je, nisubiri nione damu kwenye mkojo ndipo niwapeleke hospitali?*

Mama, usisubiri hiyo. Kichocho kinachojulikana kwenye mwambao wa ziwa letu ni cha tumbo, na hupimwa kwa choo kikubwa. Mtoto anaweza kuwa nacho miezi kadhaa bila damu yoyote kwenye mkojo, akalalamika tumbo tu au kuchoka.

Vijidudu hutoka kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye maji yaliyotulia, penye nyasi na tope, midomo ya vijito, na pale watu wanapofulia na kuogea. Hutoka kwa wingi jua likiwa juu, katikati ya mchana. Kwa hiyo chagua ufukwe wa mawe unaopigwa na mawimbi, mbali na kijito na mbali na makazi, uwaingize saa moja asubuhi, na saa tatu wawe wameshatoka. Wafute kwa taulo kavu kwa nguvu mara wanapotoka. Hatari inapungua, haiishi. Wiki sita hadi nane baada ya siku ya mwisho ya kuingia majini, wapeleke kupimwa. Dawa ya prazikwanteli hutolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, hivyo mtoto wa kilo 30 hupata miligramu 1,200, yaani vidonge viwili vya 600, baada ya chakula. Kuimeza siku ileile ya kutoka ziwani ni kuipoteza, kwani haiui minyoo michanga.

Baharini kichocho hakipo, konokono hao huishi maji baridi tu.

Tufanyie wapi mazoezi?

*Mzee mmoja wa Bangwe anasema mawe ya ziwani yana nyoka. Ni kweli? Na tukaone nini huko, au ni mazoezi tu?*

Ni kweli, na mzee asikilizwe. Ziwa Tanganyika lina swila wa maji, mwenye pingili nyeusi, anayewinda samaki kwenye mianya ya mawe. Ana sumu kali ila hatafuti watu. Kanuni ni moja: mkono usiingie kwenye tundu lolote, na ukimwona rudi nyuma polepole umwachie njia ya kupanda kuvuta hewa. Mamba na viboko ni zaidi shauri la midomo ya mito, kama Malagarasi na Ruiche. Huko msiende kabisa.

Ghuba yenyewe ya bandari ya Kigoma muiache, ina mafuta, maji machafu ya mji na boti nyingi. Upande wa Katonga, ukiwemo ufukwe wa Jakobsen, una mawe na maji maangavu. Nendeni asubuhi, maana Mei hadi Agosti upepo wa kusi huamka kadiri jua linavyopanda. Kwa kuwa ziwa limepanda sana miaka ya karibuni, kuta na visiki vilivyokuwa nchi kavu sasa viko chini ya maji: msijirushe kwa kichwa mahali msipopakagua. Kila waogeleaji wawili wavute dumu tupu la njano la lita 5 kwa kamba ya mita 3. Dumu hilo hushikilia mtu aliyechoka, na mwenye boti huliona kwa mbali kuliko kichwa. Penye maboya ya nyavu za makila, zungukeni mbali.

Si mazoezi tu hata kidogo. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sato, na wengi wao hawapatikani kokote kwingine duniani. Tafuteni mahali mchanga unapokutana na mawe, kina cha mita 3 hadi 5, mtulie juu bila kupiga miguu. Mtaona lundo la makombe matupu ya konokono, kama mtu aliyefagia akaacha. Limekusanywa na samaki dume anayeitwa Lamprologus callipterus, aliyeyabeba moja moja kwa mdomo. Jike ni mdogo mno kwake, dume huweza kuwa na uzito wa mara 12 yake, kwa sababu yeye huingia mzima ndani ya kombe, akataga humo na kukaa na mayai. Kombe moja likichukuliwa kuwa pambo la mezani, ni chumba cha uzazi kimebomolewa. Tunaomba sana, yaacheni.

Mwenye nafasi zaidi aende Gombe, iliyo hifadhi ya taifa tangu 1968, au Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985 na ambayo mpaka wake unaingia ziwani kilomita 1.6. Kwenye hifadhi hizi malipo hayapokelewi taslimu, na kuogelea ni mahali mhifadhi anapoonyesha tu.

Mavazi

*Je, dada anayevaa hijabu anaweza kushiriki? Na Utende wanavaaje?*

Bila shida. Suruali ya kubana ya kitambaa chepesi, fulana ya mikono mirefu ya kubana na ushungi wa kuvaa kama kofia ni bora kuliko krimu, ambayo nyingine ina dawa zinazodhuru matumbawe. Jua huunguza migongo na nyuma ya magoti kwanza. Dera na khanga msiingie nazo majini, hujaa maji na kufunga miguu. Nje ya maji, Utende ni kijiji cha Waislamu: jitandeni, na wanaume wavae shati.

Mkondo ukinichukua

*Mimi naogelea vizuri ziwani, hata kuvuka ghuba naweza. Chole nihofie nini?*

Uhofie hicho kujiamini. Maji ya chumvi yatakudanganya kwanza kwa wema: lita moja ina gramu 35 hivi za chumvi, na mtu wa kilo 70 hupata msaada wa karibu kilo 1.7 zaidi ya ziwani. Utaelea bila kazi, ukiangalia samaki, huku mkondo ukikusogeza. Ukiinua kichwa, boti iko mita 200.

Kila dakika mbili inua uso, tafuta boti na alama moja ya nchi kavu, kama mnazi au paa. Ukiona alama zinahama, rudi mara hiyo. Ukishachukuliwa, usishindane na mkondo uso kwa uso, hata bingwa hauwezi. Katiza kwa ubavu kuelekea kina kifupi, na ukishindwa lala chali, inua mkono mmoja juu wima, piga filimbi. Nahodha aliyeambiwa mapema abaki na injini tayari, akiwa upande maji yanakoelekea, atakufikia ndani ya dakika chache. Mwambie hilo kabla ya kuruka, naye alirudie kwa kinywa chake.

Usisimame juu ya matumbawe kupumzika: yanavunjika, yanakata, na kati yake kuna wanyama wa miiba mirefu myeusi ambao miiba yao hukatikia ndani ya nyayo. Ukichomwa na mwiba wowote wa baharini, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoyavumilia bila kuungua, dakika 30 hadi 90, kisha nenda zahanati ukatolewe vipande. Kwenye mchanga wa kina kifupi tembea kwa kuburuta nyayo, ili samaki aitwaye taa, aliyelala chini, ashtuke na kuondoka kabla hujamkanyaga.